Kijani Chini ya Shingo ya Nzohe

Amoit alirudi Malaba mwaka jana kumzika kaka yake. Watu walipoanza kupungua matangani, akamtuma mpwa wake kwa pikipiki mpaka Funyula, kwenye kibanda changu cha kushonea, aniambie kwamba shangazi yake yuko na anaomba nifike. Nilikuwa napiga pindo la sare ya shule. Nilimaliza pindo, nikafunika cherehani, nikavaa viatu, nikapanda. Sikuwa nimemwona tangu tulipokuwa wasichana, na kwa miaka hiyo yote nilikuwa nimeyapanga kichwani maneno nitakayomwambia siku tutakayokutana. Lakini nilipoingia katika sebule ya marehemu na kumwona ameketi kwenye kochi, mwembamba, miwani minene, kitambaa cheusi kichwani, maneno yote yalinipotea, nikabaki nikisema pole ya msiba kama jirani yeyote. Akanikumbatia. "Ajiambo," akasema, "kweli ni wewe? Umezeeka kunishinda." Akacheka kile kicheko chake cha puani. Chai ikaletwa. Akaniuliza habari za watoto, za magoti, za presha. Kisha akawaomba wanawake waliokuwa wakipanga vikombe watuache kidogo, akasogea karibu, akaniambia kuna jambo moja amelibeba muda mrefu na hataki kurudi nalo ng'ambo. Nilidhani nalijua jambo lenyewe. Sikulijua. Ila alichoniomba hakieleweki bila mwaka ule tuliokaa pamoja, kwa hiyo nitaanza na mwaka huo. Ya nyumbani kwetu Sigalame, na jinsi nilivyoachia shule kidato cha pili, nitayaruka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Upande wa pili wa mpaka mambo yalikuwa mabaya. Soko la Busia lilijaa watu waliovuka na nguo za mwilini tu, wakiuza saa na sufuria zao kwa bei ya kutupa, na upande wetu kuna watu walinenepa kwa magendo: sabuni na chumvi zikienda, kahawa ikija. Katikati ya hayo yote, kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba, katika nyumba iliyokuwa zamani ya meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba, mama mmoja wa Kizungu alikuwa akichapa picha za wanyama. Mumewe ndiye aliyekuwa meneja. Alipokufa, kiwanda kikapata wenyewe wengine, na yeye akabaki na nyumba. Watu walimwita Mama Ndege. Babu wa babu yake alikuwa amechonga wanyama wa Afrika kwenye mabamba ya shaba bila kuikanyaga Afrika. Aliletewa ngozi zilizojazwa majani makavu na michoro ya wasafiri, akaketi kwake Uingereza akachonga. Mabamba hayo yalirithiwa mpaka yakamfikia Mama Ndege, naye akaamua kuyachapa mara moja ya mwisho katika nchi ya wanyama wenyewe, picha zipakwe rangi kwa mkono kama zamani, zijalidiwe katika vitabu vikubwa na kuuzwa huko kwao. Alihitaji wasichana wawili wenye mikono isiyotetemeka. Tangazo lilisomwa kanisani baada ya misa, nami nikaenda Jumatatu na kitambaa nilichokuwa nimedarizi mdiria akiwa na samaki mdomoni. Aligeuza kitambaa akatazama upande wa nyuma, kwenye mafundo ya nyuzi, akasema nianze siku ile ile.

Mwingine alikuwa Amoit. Yeye alikuwa Mteso wa Malaba, amemaliza kidato cha nne katika shule ya bweni, na Kiingereza kilimtoka kama maji kwenye bomba. Tulipewa chumba kimoja nyuma ya jikoni, kilichokuwa stoo ya mbegu za pamba. Jua likiwaka sana kuta zake bado zilitoa harufu ya mafuta. Kulikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja, na dirisha lililotazama barabara, na kupitia dirisha hilo tulisikia mazungumzo ya watu wa baiskeli za magendo waliopumzika kivulini kabla ya kwenda mpakani. Hapo ndipo nilipojua kaka yake Amoit ni nani. "Leo iko nani pale daraja?" mmoja angeuliza. "Ni yule Mteso mrefu wa kastamu." "Basi twende, huyo ni mtu wa kuelewa." Amoit angeziba masikio na mto akicheka. Tulipika pamoja. Yeye alisonga atapa ya ulezi na muhogo, nyeusi na laini, na majani machachu ya ebo yaliyoungwa na karanga. Mimi nilileta omena kutoka nyumbani. Mwanzoni alikataa kuzila, akisema hawezi kula kitu kinachomtazama. Baadaye alikuwa anazimaliza kabla sijanawa. Nilimfundisha kusalimu Kisamia, yeye akanifundisha kusema Kiingereza bila kuinamisha kichwa. Nayasema haya kwa sababu ni kweli. Ningependa kuandika kwamba tangu mwanzo alikuwa mtu mbaya, lakini hakuwa. Nilimpenda kuliko dada zangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Wandera, mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi stesheni ya Malaba, alilipaka bamba la shaba wino mweusi, akalifuta kwa kitambaa, kisha kwa kiganja chake kitupu, mpaka wino ukabaki ndani ya mikwaruzo tu. Akalilaza kwenye mashine, akatandika juu yake karatasi nzito iliyoloweshwa, akazungusha gurudumu kubwa kwa mikono miwili na mguu mmoja. Karatasi ikitoka, mnyama alikuwa amekwishafika: kiboko, mwari, chatu, kamongo, wote wa mistari myeusi mitupu kama watu waliovuliwa nguo. Zikikauka zililetwa kwetu. Mbele yetu, chini ya kioo, kulikuwa na kielelezo, yaani picha ya zamani iliyokwisha pakwa rangi katika siku za yule babu, nasi tulipaswa kuifuata bila kuongeza wala kupunguza. Rangi ilikuwa ya maji, iliyokorogwa na gundi ya mgunga, nayo iliwekwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, mstari mweusi usizame. Tulianza na anga, tukaja kwenye mwili, jicho likawa la mwisho. Jicho lilipata tone la gundi tupu ili ling'ae. Nilipoweka tone hilo nilikuwa nazuia pumzi, na hata leo nikitunga uzi kwenye sindano huwa nazuia pumzi vile vile.

Siku moja wakati wa chai ya saa nne Mama Ndege alituambia jinsi vielelezo vile vilivyopakwa. Alisema huko kwao walikuwa wasichana kama sisi, wameketi meza ndefu, kila mmoja na rangi yake moja. Wa kwanza aliweka buluu akasukuma karatasi, wa pili njano akasukuma, na mwisho wa meza ndege alikuwa amekamilika bila msichana hata mmoja kumjua ni ndege gani. Chini ya picha kulikuwa na jina la aliyechora upande mmoja, na la aliyechonga upande mwingine, kwa herufi ndogo zilizolala.

"Na majina ya wale wasichana, Madam?" Amoit aliuliza.

"Hakuna aliyeyaandika," Mama Ndege alisema, akachovya biskuti yake.

Jioni ile Amoit hakumaliza chakula. Alikuwa amelala chali kitandani, mikono chini ya kichwa. "Mtu unakaa miaka yote unapaka," akasema, "halafu unakufa, na picha iko ukutani kwa mtu, na hakuna anayejua ulizaliwa. Ajiambo, mimi siwezi kuwa hao." Nilimwambia ale, chakula kinapoa. Sikuona kwamba ameniambia jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Taabu ilianza na nzohe. Nzohe ni swala wa kwenye majimaji, mwenye kwato ndefu zinazopanuka asizame matopeni, na bamba lake lilikuwa zuri kupita yote: dume mwenye pembe zilizojisokota, amesimama katikati ya mafunjo. Lakini kielelezo chake kiliguswa na mchwa ndani ya sanduku, na Mama Ndege alipolifungua alikuta shingo na mgongo vimekuwa vumbi. Alikaa sakafuni akalia kama amefiwa. Kisha akafuta uso, akasema nzohe wako kwenye mto Sio, si mbali, kwa hiyo tutaenda tumwone na tutengeneze kielelezo kipya sisi wenyewe. Wakati huo mgongo wake ulikuwa unamsumbua na madaktari wa Nairobi walikuwa wanamngoja. "Nendeni nyinyi wawili," akasema. "Nikirudi nikute kiko tayari."

Amoit alikataa. "Maji mimi siyataki," akasema. "Mtumbwi ukipinduka nani atanitoa? Wewe ndiye mtu wa omena." Nikaenda na mzee Wandera, ambaye alikuwa na binamu yake mvuvi pale Sio Port. Tulilala kwa huyo binamu, katika nyumba iliyonuka samaki mpaka kwenye mablanketi, na mkewe akatupikia samaki, ngege wa kuchemsha, na obusuma, ule ugali wetu mgumu. Wandera alibaki ufukweni akinywa chai na wazee wenzake, nami na yule binamu tukaingia na mtumbwi kwenye mafunjo alfajiri. Mara ya kwanza hatukuona kitu. Mara ya pili tulisikia tu maji yakipigwa. Tulirudi tena na tena. Nguo zangu hazikuwa zinakauka, na mbu walinifanyia uso mwingine. Kisha asubuhi moja binamu aligusa bega langu kwa kasia. Nzohe dume alikuwa mbele yetu, karibu kama mlango ulivyo karibu na kitanda, ndani ya maji mpaka kifuani, akitafuna. Hakuwa na rangi moja. Mgongo ulikuwa kahawia ya chokoleti, ubavu ulikuwa kijivu kama moshi wa kuni mbichi, na manyoya yalikuwa marefu, yamelowa, yamegawanyika kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Mtumbwi ukagonga shina. Hakukimbia. Alizama taratibu, kwanza mgongo, kisha shingo, mpaka yakabaki matundu mawili ya pua juu ya maji na ncha za pembe. Tulikaa bila kupumua. Alipoona kimya, akainuka tena, na alipoinuka, manyoya ya chini ya shingo yalikuwa yamenasa vile vimajani vidogo vinavyoelea, vidogo kama punje za ulezi, vya kijani kibichi, mamia kwa mamia, vimemkaa kama ushanga wa bibi harusi. Jua lilikuwa linatoka. Alitutazama, akatikisa kichwa, akaondoka zake. Nililia, na binamu akaniuliza kama nimeumwa na kitu.

Nilirudi nikapaka. Mama Ndege alikuwa bado Nairobi. Niliharibu karatasi nyingi kabla ya kuipata ile kahawia, na nikaharibu nyingine kwa ile kijivu. Amoit alikuwa meza ya pili akimaliza mwari wake, akinikorogea rangi nikimwomba, akitazama. Mwisho nilichukua brashi iliyobakiwa na nywele tatu nne tu, nikaweka kijani chini ya shingo, nukta kwa nukta. Amoit akacheka. "Swala wa kijani nani aliona?" Hakuuliza ni nini. Nilicheka pia, nikaweka tone la jicho, na picha ikawa hai. Naweza kusema hivyo sasa, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kunisifu: ilikuwa hai. Mzee Wandera alifuta mikono yake akaja kuitazama, akatingisha kichwa, akasema, "Binti, huyu atatoka hapa aende kunywa maji."

Wiki hiyo hiyo shangazi yangu alifariki, nikaenda Sigalame kwa mazishi. Watu walikuwa wengi na sisi wasichana tulipewa kazi ya kupika. Nilikuwa nasonga ugali kwenye sufuria kubwa, mafiga yakahama, sufuria ikaelemea upande wangu, na yote yaliyokuwa yakitokota yakamwagikia mkono wangu wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Wakanipaka asali, baadaye zahanati wakanifunga bandeji. Nilikaa nyumbani mpaka maumivu yakaanza kuvumilika, nikapanda gari kurudi kazini nikiwa nafikiria jambo moja tu: Madam amerudi, amemwona nzohe wangu.

Alikuwa amerudi, na hakuwa peke yake. Mwenye kampuni iliyotaka kutoa kile kitabu alikuwa amekuja kutoka London kuona kazi. Nilipita mlango wa jikoni na kusikia sauti sebuleni, nikasimama kuvua viatu vyangu vya matope. Nilimsikia yule mgeni akisema kwa Kiingereza kwamba picha hii moja inatosha kuuza kitabu kizima, na kwamba aliyeipaka inafaa aje London, asimame na kitabu mbele ya watu, aingizwe chuo cha sanaa. "Ni nani kati yao?" akauliza. Kisha nikasikia sauti niliyoijua kuliko yangu. "Ni mimi, sir," Amoit alisema.

Niliingia bila viatu, na bandeji yangu. "Hapana," nikasema. "Ni mimi nilipaka." Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kilikuwa kimenikimbia chote. Amoit hakunitazama. Mama Ndege alitazama huku na huku, akaonekana kuchoka. "Niliwaambia mtengeneze pamoja," akasema. Mgeni akatabasamu kama mtu aliyeona watoto wakigombania mwanasesere, akasema jambo ni rahisi, kila mmoja apake nzohe mwingine, tuone. Nikainua mkono wangu. Damu na dawa zilikuwa zimepenya kwenye kitambaa. Vidole vilikuwa vimevimba, hata kijiko nilikuwa nakishika kwa kushoto. Amoit aliketi mezani, akavuta karatasi, akaanza na anga. Alikuwa na mkono mzuri, sitamnyima hilo, na alikuwa amenitazama kila siku nikipaka. Kahawia aliipata. Kijivu aliipata. Kijani aliiweka kwa upana, kama vile ni rangi ya manyoya. Mimi niliona. Mgeni hakuona.

"Mzee Wandera alikuwepo!" nikasema. "Tulienda naye Sio. Aulizwe yeye!"

Wakamwita. Alisimama mlangoni na wino mpaka kwenye viwiko. Mama Ndege akamuuliza ni nani kati yetu aliyepaka nzohe. Wandera alimtazama Amoit, akanitazama mimi, akatazama sakafu. "Madam," akasema, "mimi nazungusha gurudumu tu. Mambo ya rangi mimi sijui."

Jua lilipokuwa linatua nilikuwa jikoni, nimekaa kwenye gunia la makaa, kwa sababu sikutaka kuingia chumbani. Mama Ndege na mgeni walikuwa barazani na vinywaji vyao, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Amoit ndiye aliyenifundisha Kiingereza cha kutosha kuelewa niliyoyasikia. Mgeni alisema ana wasiwasi kidogo, huenda yule mwingine anasema kweli. Mama Ndege akajibu taratibu, bila hasira yoyote, kama mtu anayechagua kitambaa cha pazia. "Labda ni kweli," akasema. "Lakini yule wa Malaba anaweza kusimama mbele ya watu akazungumza. Huyu mwingine ana mkono tu." Barafu ikagonga glasi. Wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Nimesoma na kusikia watu wakisema kwamba uongo ndio unaoumiza. Mimi sikuumizwa na uongo. Kama Mama Ndege angedanganywa, ningekuwa na mtu mmoja wa kumchukia, na labda ningemaliza. Kilichonikaa kifuani mpaka leo ni kwamba ukweli ulikuwepo mezani pale pamoja na vinywaji, akautazama, akauona hauna kazi.

Amoit alikuwa anakunja nguo zake nilipoingia. Hakuacha kukunja.

"Ungefanya nini kule?" akasema. "Niambie. Kiingereza chako kinaishia kwenye salamu. Wangekuweka kwenye chumba ukalia mpaka wakurudishe."

"Basi ningelia mimi. Nafasi ilikuwa yangu."

"Kaka yangu atashughulikia pasipoti. Nikifika nitakuvuta, Ajiambo. Nakuapia kwa Mungu nitakuvuta."

"Mwambie Madam kweli sasa hivi, ndipo univute."

Akakaa kitandani na blauzi mapajani, na kwa muda mfupi nilidhani atainuka aende. Kisha akasema, "Siwezi kuwa hao," akaendelea kukunja. Nililala sakafuni kwa Wandera siku zilizobaki kabla Amoit hajaondoka, na mkewe hakuniuliza kitu. Wandera mwenyewe alinikwepa pale nyumbani, nikamngojea kibandani alikozoea kunywa chai, karibu na stesheni. Aliniona, akaweka kikombe chini. "Usinitazame hivyo," akasema. "Baiskeli yangu inapita pale daraja kila wiki. Kaka yake ndiye anafunga macho. Mimi niko na watoto sita, wewe uko na picha moja. Ungekuwa mimi ungesema nini?" Nikamwambia ningesema niliyoyaona. Akanunua mandazi, akanipa. Nikayaacha juu ya meza.

Amoit aliondoka na mgeni. Mkono wangu ulipona, ngozi ikarudi nyepesi na ya kung'aa, na nikarudi mezani, kwa sababu nyumbani hapakuwa na la kufanya na kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kazi. Miezi iliyobaki ya mwaka ule nilipaka nzohe. Kitabu kilihitaji nakala nyingi. Walinitandikia picha yangu chini ya kioo, nami nikaifuata bila kuongeza wala kupunguza, kama mali ya mtu. Mama Ndege alipita nyuma yangu siku moja akainama kulinganisha. "Karibu unamfikia Amoit," akasema, akimaanisha kunitia moyo. Sijui hata leo kama alikuwa amesahau kwa makusudi au kwa kweli. Niliweka brashi kwenye maji, nikaikoroga mpaka maji yakawa machafu, nikaendelea. Karatasi zilipokwisha alitushika mikono mimi na Wandera, akafunga nyumba, akarudi kwao. Kitabu kilitoka. Nilikiona miaka mingi baadaye kwa binti yangu, kwenye simu yake. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa umeandikwa jina la babu aliyechonga, jina la Mama Ndege aliyechapa, na kwamba rangi ni za Amoit. Binti yangu aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Nilimwambia macho yanauma.

Amoit hakunivuta. Alisoma chuo chao, akaolewa huko, akawa mchoraji wa wanyama ambaye picha zake hutundikwa kwenye kumbi. Mimi nilirudi Funyula nikashona. Nilizaa, nikasomesha, nikazika mume. Si maisha mabaya, na sitaki mtu anihurumie kwa sababu ya cherehani. Ila sijashika brashi tena. Watoto walipoleta rangi za shule nyumbani, baba yao ndiye aliyewasaidia.

Ndivyo nilivyokuwa nimeketi katika sebule ile ya Malaba mwaka jana, mtu mzima, chai inapoa, nikingoja aliseme lile neno. Aliishika mikono yangu yote miwili. Akapitisha kidole gumba chake juu ya ule wa kulia, penye kovu.

"Ile kijani," akasema. "Chini ya shingo. Ilikuwa ni nini?"

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Wameniuliza maisha yangu yote," akasema. "Kila mahali. Nzohe ndiyo wanayoikumbuka. Nimechora mia nyingine na hakuna anayeziuliza. Wanataka kujua kwa nini kijani. Huwa nawaambia ni roho ya maji, wanafurahi, wanaandika. Lakini kuna profesa mmoja alinitazama akajua sijui. Nimeenda Sio safari hii, na hali yangu hii, nimekaa kwenye boti. Sikuona hata mmoja. Wavuvi wanasema wamekwisha."

"Na hilo ndilo ulilolibeba?"

Akatazama mlango, kisha miguu yake. "Nilikuwa msichana, Ajiambo. Na wewe mkono ulikuwa umeungua, usingeenda hata hivyo." Akasukuma miwani yake juu. "Kuna mtu anaandika habari za maisha yangu. Nimemwambia nilikuwa na msaidizi, Msamia, mwenye mkono mzuri sana. Nitakutaja kwa jina."

"Msaidizi," nikasema.

"Basi niambie mwenyewe unataka uitweje."

Nje walikuwa wanapakua chakula. Nilisikia sahani na mtoto akikaripiwa. Nilimtazama uso wake. Alikuwa anataka kweli, kama mgonjwa anavyotaka maji, na nikaona kwamba katika miaka yote hiyo mbele ya watu wake hakuwahi kupumzika na picha ile hata siku moja. Nilidhani kuona hivyo kungenipa furaha. Hakukunipa. Lakini hakukunilainisha pia.

"Nilimwona mimi," nikasema. "Alinitazama mimi."

"Tumezeeka, dada. Ukienda nayo kaburini itakusaidia nini?"

"Itanisaidia hivyo hivyo."

Nikatoa mikono yangu, nikainuka, nikampa tena pole ya kaka yake, na hiyo nilimpa kwa moyo, kwa sababu kufiwa ni kufiwa. Mlangoni wale wanawake walinishika nile chakula kwanza, kwamba mtu haondoki matangani na tumbo tupu. Nikawaambia safari ni ndefu. Amoit aliniita jina langu kutoka ndani, mara moja, kwa sauti ya juu. Nilikaza leso kiunoni, nikapanda pikipiki nyuma ya mpwa wake, nikamwambia awashe.